Vidole Viwili

Kazik wa gereji anasema: vidole viwili.
Kati ya tairi na ukingo wa madigadi
pasizidi vidole viwili,
la sivyo gari linasimama kama mtu aliyekunja suruali
avuke dimbwi lisilokuwapo.

Nami nikaamini.
Miezi minne ya zamu za usiku hapa Rybnik,
vumbi la makaa puani,
nasinzia nikitaja milimita:
ishirini na tano, thelathini na tano, arobaini.
Arobaini yapendeza macho,
ila mtaa wetu ni wa mawe yaliyopangwa kabla ya vita,
na penye lango la shule pana tuta
lililomwagwa na mtu mwenye kinyongo.

Shokapu nilishanunua, zile za uzi:
ukizungusha pete, gari lachuchumaa.
Zililala chini ya kitanda changu wiki sita.
Rimu ndizo zilizoninyima raha.
Inchi kumi na tisa zajaza tao, kweli,
lakini mpira wake mwembamba kama ukanda,
shimo moja tu, na mshahara wa wiki umepinda.
Nyeusi huficha masizi ya breki.
Za fedha huumbuka na chumvi ya Januari.
Na kina chake! Ikiingia mno yakwaruza shokapu,
ikitoka mno yatafuna madigadi.

Basi nikazipata kwa bwana mmoja wa Żory,
rangi ya shaba, mikono kumi, nusu ya bei.
"Zimetembea msimu mmoja," akasema,
akiitazama mbwa wake.

Nikazipanga jikoni juu ya magazeti.
Mama akatoka na mkongojo wake.
Mama, Halszka, aliyekagua vyuma miaka thelathini na mmoja
katika kiwanda cha kusubu, Gliwice.
Chanda chema huvikwa pete;
chake kilivimba kwa kazi, pete ikahamia shingoni.
Akavua mkufu.
"Ining'inize," akasema.
Nikapitisha mpini wa ufagio tundu la katikati, nikainua.
Akagonga kwa pete.

Ngiiiii.
Sauti ndefu, iliyochelewa kuondoka.
Ya pili vilevile. Ya tatu vilevile.
Ya nne:
tak.

"Tena."
Tak.
Kama kubisha hodi nyumba iliyohamwa.

"Imepasuka, hapa, karibu na boliti ya tatu.
Wameijaza, wakaipaka rangi."
Nikasema labda ni tope limeganda.
Hakunijibu. Alinitazama
jinsi alivyowatazama, nadhani,
mameneja waliotaka sahihi yake haraka.
Rahisi huvunja upishi;
hii ingevunja kingine, kwenye kona ya Wodzisław,
mvua ikinyesha, naye kakaa kando yangu.

Tukanunua nyingine. Dukani. Inchi kumi na nane,
mikono mitano, fedha tupu, hazina maringo.
Aligonga zote nne, muuzaji akisubiri
na mashine yake ya kadi mkononi.

Jumamosi gari likapanda jeki.
Likashuka. Kazik akachomeka mkono wake:
"Vidole viwili! Umeona?"
"Vya nani?" akauliza Mama
kutoka kiti cha plastiki penye mlango.
Akaja polepole, akajaribu vyake.
Havikupita.
Viwili vyake ni vitatu vyangu, na ushei.
Kazik akamtazama, akautazama ule mkongojo,
akatazama kizingiti cha mlango wa gari kilivyo chini.
Akachukua spana, akairudisha pete juu
bila kudai hata senti.

Mama akaingia. Akatoka.
Hakushika bega langu.

Vijana wa maegesho wanasema liko juu kidogo.
Ni kweli.

Zile tatu nzima nimeziuza.
Ya nne iko jikoni, imebeba chungu cha figili,
na Mama akipita kwenda kuchemsha chai
huigonga kwa ukucha, bila kuangalia.
Tak.